Printa ya USB kwenye Linux ya nyumbani: njia tatu, kebo moja

Printa imechomekwa, taa ya kijani inawaka, kompyuta inasema kazi imetumwa, na karatasi haitoki. Wengi hapo hukimbilia kupakua draiva hadi mega zinaisha. Lakini swali la kwanza si draiva, ni hili: kazi ile imepita njia gani? Kwenye Linux, kebo moja ya USB inaweza kubeba uchapaji kwa njia tatu tofauti, na mara nyingi mbili kati yake zimekwisha kuwekwa ndani ya mashine bila mwenye mashine kujua. Zikiigombania printa, moja inaishika, nyingine inasubiri, na kazi yako imelala kwenye foleni ya ile inayosubiri. Fahali wawili hawakai zizi moja.

Tunazilinganisha hapa kwa hali ya Lubumbashi: kompyuta ya nyumbani yenye Debian, Ubuntu, Mint au Fedora, printa moja (imprimante, kama tunavyoiita mjini) iliyofungwa moja kwa moja kwa kebo, umeme wa kukatika-katika, na intaneti ya kununua kwa mega. Hayo mawili ya mwisho yana uzito kuliko watu wanavyodhani. Ndiyo yanayoamua njia ipi itakuhudumia mwaka mzima na ipi itakuangusha usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi TFC, ile kazi ya maandishi ya kumalizia masomo ya chuo.

Ya kwanza tuiite njia ya IPP. Printa inazungumza na kompyuta kwa itifaki ileile ya IPP inayotumika kwenye mtandao, ila inapita ndani ya kebo ya USB, na msimamizi wake ni programu ndogo iitwayo `ipp-usb`. Ya pili ni njia ya draiva, ile ya tangu zamani: kila modeli na draiva yake. Ya tatu ni ya moja kwa moja: unasukuma data kwenye faili ya kifaa, `/dev/usb/lp0`, bila mtu wa kati. Mbili za kwanza hupitia CUPS, programu ya foleni iliyotolewa mwaka 1999 na kuingia kwenye Mac OS X mwaka 2002. Ya tatu inaiacha kando kabisa.

## Kwanza, printa yako inasema lugha gani?

Nembo iliyobandikwa usoni mwa printa haitoshi. Kampuni moja hutengeneza printa zinazoelewa lugha kamili za uchapaji, na nyingine ambazo zenyewe hazijui kitu, zinangoja kompyuta iwafanyie kazi yote. Fungua terminali, uandike:

```
lsusb
sudo lsusb -v -d 03f0: | grep -E 'bInterface(Class|SubClass|Protocol)'
```

`03f0` ni namba ya HP. Kwa Epson weka `04b8`, Canon `04a9`, Brother `04f9`, Samsung `04e8`. (Kibodi nyingi za hapa ni AZERTY: ile alama ya mstari wima unaipata kwa AltGr na 6.)

Soma namba tatu-tatu. Ukiona 7, 1, 4, na zikajirudia mara mbili au zaidi, printa inaijua IPP ndani ya USB. Kiwango chake kilitoka mwaka 2012. Ukiona 7, 1, 2 peke yake, ni printa ya kawaida inayotuma na kupokea, na hapo uko kwenye njia ya draiva au ya moja kwa moja. 7, 1, 1 ni ya upande mmoja tu: inapokea, haijibu, kwa hiyo usiidai ikuambie tona imebaki kiasi gani. Na ukiona 8 mahali pa 7, printa inajifanya CD yenye draiva za Windows. Baadhi ya LaserJet ndogo, kama P1102, zina tabia hiyo, na haziwi printa mpaka zibadilishiwe hali. HPLIP, kifurushi cha HP cha Linux, huifanya kazi hiyo.

Na kama `lsusb` haionyeshi printa kabisa? Basi acha habari za draiva, zima hata mawazo yake. Hilo ni la kebo, la poti au la umeme. Andika `sudo dmesg -w`, chomoa kebo, ichomeke tena, uangalie mistari inayotokea. Kosa `-71` maana yake mawasiliano yanavurugika njiani, na mara nyingi ni kebo mbovu au poti iliyolegea. `-110` ni kifaa kisichojibu kwa wakati. Kebo ya USB 2.0 isizidi mita 5. Ile ndefu ya bei ndogo iliyoungwa na nyingine ndiyo mshukiwa wa kwanza. Kwenye kompyuta ya mezani tumia poti za nyuma, kwa sababu zile za mbele zimeunganishwa kwa waya mwembamba wa ndani na hulegea haraka. Habu isiyo na umeme wake yenyewe, iondoe njiani.

## Zikikaa bega kwa bega

| | Njia ya IPP | Njia ya draiva | Moja kwa moja |
|---|---|---|---|
| Printa inayofaa | Yenye 7-1-4. Nyingi zenye AirPrint (uchapaji wa Apple usiohitaji draiva) | Karibu zote, ikiwa draiva ipo | Zenye lugha za uchapaji PCL, PostScript au ESC/P; za risiti |
| Anwani | `ipp://localhost:60000/ipp/print` | `usb://…` au `hp:/usb/…` | `/dev/usb/lp0` |
| Mega | `ipp-usb` tu, mara moja | Kuanzia sifuri hadi nyingi, na huenda zikarudiwa | Hakuna |
| Umeme ukirudi | Inajitambulisha upya yenyewe | Inategemea modeli; nyingine husahau kila kitu | Iko tayari ikishawaka |
| Skana | Ndiyo, kwa `sane-airscan` | Inategemea kampuni | Hapana |
| Picha na PDF | Ndiyo | Ndiyo | Hapana, mpaka uzibadilishe mwenyewe |
| Inapokushinda | Hitilafu za printa yenyewe | Filta (kigeuzi cha faili kwenda lugha ya printa) inayokosekana, programu ya ndani inayofutika | Ruhusa, na maandishi yanayokwenda ngazi |

Jedwali linaonyesha kama njia hizi zinalingana nguvu. Hazilingani. Kama printa yako ina 7-1-4, chukua IPP na usitazame nyuma. Draiva ni kwa printa zisizo na namba hizo, ambazo ndizo nyingi kati ya zilizokwisha kutumika zinazouzwa mjini, na ndiyo maana sehemu yake hapa chini ni ndefu kuliko nyingine.

## Njia ya IPP: haina mengi, na hiyo ndiyo sifa yake

Debian tangu toleo la 11, la mwaka 2021, inapendekeza `ipp-usb` pamoja na CUPS, kwa hiyo huenda tayari unayo. Hakikisha hivi:

```
sudo ipp-usb check
systemctl status ipp-usb avahi-daemon
```

Amri ya kwanza inaorodhesha printa za IPP zilizo kwenye kebo. Ya pili inatazama huduma mbili, na hiyo ya `avahi-daemon`, inayopitisha matangazo ya vifaa kama printa, ndiyo inayosahauliwa. Bila hiyo, `ipp-usb` inafanya kazi vizuri kabisa lakini CUPS haioni tangazo lake, na kwenye orodha ya printa kunakuwa kweupe. Watu wanaopunguza huduma ili kompyuta ya zamani iwe nyepesi huizima Avahi kwanza, kisha wanalalamika kuhusu printa.

Hata Avahi ikiwa imezimwa, unaweza kutengeneza foleni kwa mkono:

```
sudo lpadmin -p nyumbani -E -v ipp://localhost:60000/ipp/print -m everywhere
```

Printa ya kwanza hupewa poti 60000, ya pili 60001, na kuendelea. Fungua `http://localhost:60000` kwenye kivinjari: printa nyingi zitakuonyesha ukurasa wao wa ndani wenye kiwango cha wino na mipangilio, kama vile ziko kwenye mtandao. Ukurasa huo ukifunguka, kebo, kerneli (kiini cha Linux) na `ipp-usb` ni vizima, na tatizo liko CUPS au kwenye karatasi.

Udhaifu wa njia hii unakaa ndani ya printa. Baadhi huchapa kazi ya kwanza, kisha hukwama hadi zizimwe na kuwashwa. Hilo huwezi kulitibu kwa kubadilisha draiva, maana draiva haipo. Dawa ni toleo jipya la `ipp-usb`, linalokuja na orodha ya ukaidi wa modeli moja-moja chini ya `/usr/share/ipp-usb/quirks/`. Kumbukumbu zake zinakaa `/var/log/ipp-usb/`. Na mambo kama kusafisha vichwa vya wino huenda usiyapate kwenye dirisha la uchapaji. Tumia vitufe vya printa au ule ukurasa wake wa ndani.

## Njia ya draiva: hapa ndipo modeli inapojulikana

Anza na amri mbili. `sudo lpinfo -v` inaonyesha anwani za vifaa, na `lpinfo -m` inaonyesha draiva zilizopo kwenye mashine. Usiingie intaneti kabla ya kuzisoma, maana draiva yako inaweza kuwa imekwisha kulala humo.

Nafuu kuliko zote ni leza za ofisi zilizokwisha kutumika, zinazoelewa PCL na PostScript: HP LaserJet 1320 au P2055, kwa mfano. Kwa hizo CUPS ina draiva za jumla zisizohitaji hata mega moja:

```
sudo lpadmin -p nyumbani -E -v "usb://..." -m drv:///sample.drv/generpcl.ppd
```

Kwa PostScript weka `drv:///sample.drv/generic.ppd`. Pale kwenye vitone bandika anwani nzima uliyopewa na `lpinfo -v`. CUPS itakuonya kwamba draiva za aina hii zimepitwa na wakati na zitaondolewa katika matoleo yajayo. Ni onyo, si kosa. Foleni imetengenezwa na inafanya kazi.

Baada ya hizo zinakuja zile zenye draiva huria ndani ya hazina za Debian na Ubuntu. Epson za matangi, kama L3110, hutumia `printer-driver-escpr`. Brother ndogo za leza, kama HL-1110 na ndugu zake DCP-1510, hutumia `printer-driver-brlaser`. Samsung ML-1640 na za rika lake hutumia `printer-driver-splix`. Ni vifurushi vidogo, unavipakua mara moja, basi. Kwa Brother tunasisitiza `brlaser` badala ya draiva ya kampuni, kwa kuwa zile za kampuni kwa modeli nyingi zimejengwa kwa 32 biti. Kwenye mfumo wa 64 biti zinahitaji `dpkg --add-architecture i386` na maktaba za ziada, na kwenye Raspberry Pi hazitembei hata ukizibembeleza. Ujumbe wa kwamba filta imeshindwa, unaotokea mara tu baada ya kutuma kazi, mara nyingi chimbuko lake ni hapo: faili ya filta ipo ndani ya `/usr/lib/cups/filter/` lakini mashine haiwezi kuiendesha.

Kisha kuna kundi la HP LaserJet 1018, 1020, P1005, P1006 na P1505. Zimejaa mjini kwa sababu ni ndogo, imara, na tona yake inapatikana. Lakini zina siri moja: hazihifadhi programu yao ya ndani. Kila zinapozimwa zinaisahau, na kila zinapowashwa kompyuta inapaswa kuzipelekea upya. Kwa 1020, faili hiyo inaitwa `sihp1020.dl`. Isipofika, printa inaonekana kwenye `lsusb`, inapokea kazi, taa iko sawa, na haitoi kitu. Ukitumia foo2zjs, draiva huria ya printa hizi, unaweza kuiuliza printa:

```
sudo usb_printerid /dev/usb/lp0
```

Neno `FWVER` likiwemo kwenye jibu, programu imeingia. Lisipokuwemo, chomoa kebo, hesabu sekunde 10, ichomeke tena ili udev, huduma ya Linux inayotambua vifaa vikichomekwa, iitume upya. Kwa HPLIP, amri ni `hp-firmware`.

Usifuate ushauri wa kuipiga marufuku moduli ya kerneli `usblp`, ingawa umeandikwa mahali pengi. CUPS yenyewe huiondoa kwa muda inapochapa na kuirudisha ikimaliza. Ukiipiga marufuku, `/dev/usb/lp0` inatoweka, na foo2zjs haina tena mlango wa kupitishia programu ya ndani ya printa.

HPLIP nayo ina mtego wake wa mega. Printa hizo za kundi la 1020 zinahitaji nyongeza ya kampuni isiyo huria, ambayo `hp-plugin` huipakua kutoka intaneti, na toleo la nyongeza lazima lilingane na toleo la HPLIP lililopo kwenye mashine. Kwa hiyo unafanya sasisho la mfumo Jumatatu, HPLIP inapanda toleo, na Jumanne printa iliyokuwa nzima inakataa kuchapa mpaka nyongeza ipakuliwe tena. Kinga ni mbili. Shikilia kifurushi kisipande kwa `sudo apt-mark hold hplip`, au pakua faili ya nyongeza ya toleo lako pamoja na faili yake ya sahihi, uziweke kwenye flashi, kisha uziingize bila intaneti kwa `hp-plugin -p` ikifuatwa na njia ya folda. Flashi hiyo itunze vizuri kuliko CD iliyokuja na printa.

Canon LBP2900 tunaitaja peke yake. Inasema lugha ya Canon iitwayo CAPT, draiva ya kampuni ni ya zamani na inategemea vipande vya 32 biti, na ile huria, captdriver, unaijenga mwenyewe kutoka msimbo. Inawezekana, ila kama bado hujainunua, usiinunue kwa ajili ya Linux.

La mwisho hapa ni anwani. Anwani ya `usb://` mara nyingi hubeba namba ya mfululizo ya printa, yaani kile kipande cha `?serial=`. Kuhamisha kebo poti moja hadi nyingine hakuharibu kitu. Lakini ukibadilishana printa na jirani, hata ikiwa ya modeli ileile, foleni itakaa inasubiri printa ile ya zamani irudi. Tengeneza foleni mpya, dakika moja inatosha.

## Moja kwa moja: chombo cha kupimia kuliko cha kuchapia

```
printf 'Jambo Lubumbashi\r\n\f' | sudo tee /dev/usb/lp0 > /dev/null
```

Printa ya PCL au ya sindano itatoa ukurasa wenye maneno hayo. `\f` ndiyo inayosukuma karatasi nje. Ukiisahau, leza itakaa na ukurasa tumboni. `\r` inarudisha mwanzo wa mstari. Ukiisahau, mistari itashuka ngazi kuelekea kulia. Karatasi ikitoka hapa na isitoke kupitia CUPS, umekwisha kujua: kebo na printa ni nzima, ugonjwa uko kwenye foleni au draiva. Printa ya kundi la 1020 haitajibu jaribio hili hata ikiwa nzima, maana haijui herufi ni kitu gani. PostScript tupu nayo haitoi maandishi ya kawaida.

Kama njia ya kila siku, inafaa printa za risiti za dukani na zile za sindano kama Epson LX-350, zinazopokea maandishi matupu. Muingize mtumiaji kwenye kundi la `lp` ili asihitaji `sudo`, basi imekwisha.

## Kuondoa fahali mmoja

`lpstat -v` inaonyesha foleni zote na anwani zake. Ukiona foleni mbili zinazoelekea printa moja, moja kwa `usb://` na nyingine kwa `ipp://`, ugomvi umeupata. `ipp-usb` ikishaishika printa, foleni ya `usb://` inasubiri bila mwisho, na skana ya draiva ya zamani nayo haipati nafasi.

Ukichagua IPP: `sudo lpadmin -x` na jina la foleni ya zamani. Ukichagua draiva: `sudo systemctl mask --now ipp-usb`, kisha chomoa na uchomeke kebo. Kama una printa mbili na unataka kuizuia moja tu, andika faili ndani ya `/etc/ipp-usb/quirks/` yenye jina la modeli kwenye mabano mraba na chini yake `blacklist = true`. Tazama pia kama kuna VirtualBox yenye Windows iliyofunguliwa. Ikiishika printa kwa ajili yake, Linux inabaki mikono mitupu.

## Umeme ukikatika katikati ya kazi

Kwa nyumba nyingi za hapa kompyuta iko kwenye betri au ondulere (UPS), na printa iko kwenye umeme wa moja kwa moja. Ndivyo inavyotakiwa kwa leza: wakati wa kupasha joto kile kinu kinachoyeyusha tona, inavuta mamia ya wati kwa mkupuo, na ondulere ndogo italia na kuzima vyote. Printa ya wino haina shida hiyo, inavuta kidogo sana.

Matokeo yake: delestaji (mgao wa umeme) ikija, printa inazimika peke yake, kompyuta inaendelea kuwaka, na CUPS inakuta hakuna wa kumtumia. Kulingana na sera ya foleni, inaweza kuisimamisha printa, na umeme ukirudi haitaendelea mpaka uiamuru:

```
lpstat -p
sudo cupsenable nyumbani
```

Ili isisimame tena, badilisha sera:

```
sudo lpadmin -p nyumbani -o printer-error-policy=retry-current-job
```

Lakini ujue gharama yake. CUPS haikumbuki kwamba kurasa 36 zilikwisha kutoka. Inaianza kazi upya kutoka ukurasa wa kwanza, na tona inaliwa. Kwa kazi ndefu, umeme ukirudi usiwashe printa kwanza. Futa foleni, washa, kisha chapa kilichobaki tu:

```
cancel -a nyumbani
lp -d nyumbani -P 37-80 tfc.pdf
```

Afadhali zaidi kutuma TFC vipande vya kurasa 20 tangu mwanzo.

Ulinganisho hapa uko wazi. IPP inapona yenyewe: printa ikiwaka, udev inaiona, `ipp-usb` inaamka. Leza ya PCL kwa draiva ya jumla inapona vilevile. Kundi la 1020 linapona tu kama ule mnyororo wa kutuma programu ya ndani ni mzima, na ukikatika utaona printa iliyo hai isiyofanya kitu. Anayekatikiwa umeme mara mbili kwa siku aichukulie hiyo kuwa sababu ya kutosha ya kuchagua printa nyingine.

## Vitu vidogo vinavyojifanya tatizo la draiva

Printa inapepesa taa ya karatasi wakati trei imejaa: foleni imewekwa kwa karatasi ya Letter ya Marekani, na inangoja uilishe karatasi ambayo hakuna duka la hapa linaiuza. Andika `lpoptions -p nyumbani -o media=A4`, na kwa foleni ya draiva ongeza `sudo lpadmin -p nyumbani -o PageSize=A4`. Kwenye Debian angalia pia kwamba `/etc/papersize` ina neno `a4`.

Karatasi kukwama wakati wa mvua ni unyevu. Funga rimu ndani ya mfuko wake. Kushindwa kuivuta wakati wa kiangazi ni vumbi jekundu kwenye rola ya mpira; ipanguse kwa kitambaa chenye maji kidogo, printa ikiwa imechomolewa. Na kama kompyuta imewekwa Kifaransa na unatafuta msaada wa kosa, tanguliza `LC_ALL=C` mbele ya amri ili ujumbe utoke katika Kiingereza, ambamo majibu mengi yameandikwa. Kwa maelezo ya kina washa `sudo cupsctl --debug-logging`, rudia kazi, soma `/var/log/cups/error_log` au `journalctl -u cups`, kisha zima kwa `--no-debug-logging`.

## Ukiwa na FreeBSD au Mac

FreeBSD ina mtego mmoja unaowapata wote: mfumo una `lpr` yake ndani ya `/usr/bin`, na CUPS ina nyingine ndani ya `/usr/local/bin`. Ukiandika `lpr` tu, huenda umeita ile isiyoijua foleni yako. Kifaa kinaitwa `/dev/ulpt0` au `/dev/unlpt0`, na lazima uandike kanuni za devfs zinazolipa kundi la `cups` ruhusa ya kukigusa; bila hizo CUPS haioni printa hata kama kerneli imeitambua. Kwenye Mac, ukurasa wa CUPS umefungwa; ufungue kwa `cupsctl WebInterface=yes`, kisha nenda `http://localhost:631`. Foleni zikiwa zimechanganyikana sana, kubofya orodha ya printa huku umeshika Control kunatoa chaguo la kuanza mfumo wa uchapaji upya. Inafuta foleni zote, kwa hiyo andika pembeni unachokihitaji.

## Kabla ya kulipa

Anayenunua mpya adai AirPrint, hata kama nyumbani hana Wi-Fi. Si hakikisho la 7-1-4, ila ni dalili nzuri. Anayenunua iliyotumika na anachapa maandishi mengi, leza ya ofisi yenye PCL au PostScript. Mwenye 1020 tayari asiitupe: draiva iliyowekwa sawasawa na ile flashi vinamtosha.

Ukienda dukani beba kompyuta ndogo yenye Linux, au flashi ya Linux inayowaka bila kusakinishwa, pamoja na kebo yako mwenyewe. Chomeka, andika `lsusb -v`, tafuta 7-1-4, uchape ukurasa kutoka kompyuta. Kisha omba izimwe na kuwashwa tena, na uchape wa pili. Ukurasa wa majaribio unaotoka kwa kubonyeza kitufe cha printa usikutoshe: unaonyesha tona ipo na rola inavuta, hausemi lolote kuhusu kebo wala kompyuta.